Ghala Limejaa, Kinu Kimevunjika

Usiku wa Jumanne, tarehe 30 Agosti 2005, simu iliita kwa meneja wa chama cha ushirika cha umeme kusini mwa jimbo la Mississippi. Siku moja kabla, kimbunga Katrina kilikuwa kimepita juu ya eneo lake, na nguzo za umeme zilikuwa zimelala barabarani kama mabua ya mahindi baada ya mavuno. Simu ilitoka ofisi ya Makamu wa Rais wa Marekani, Dick Cheney. Asubuhi yake ikaita tena. Agizo lilikuwa moja: mafundi waache walichokuwa wakikifanya, waende kwanza kurudisha umeme kwenye vituo vinavyolisha pampu za bomba la mafuta mjini Collins. Gazeti la huko, Hattiesburg American, lilipoiandika habari hiyo wiki mbili hivi baadaye, lilieleza kwamba kazi ya Collins ilichelewesha kwa saa 24 au zaidi umeme wa hospitali mbili za vijijini na wa mitambo kadhaa ya maji.

Likitajwa jina la Katrina, wengi hukumbuka New Orleans iliyozama, na ndivyo ipasavyo. Simu ile ilihusu maafa mengine yaliyokuwa yakienda sambamba na yale, tena kwa majimbo yaliyokuwa mbali na mahali kimbunga kilipotua. Collins ni mji mdogo ambao dereva anaweza kuupita bila kugeuza shingo. Lakini chini ya ardhi ya eneo hilo yanapita mabomba mawili makubwa, Colonial na Plantation. Colonial peke yake, ukihesabu na matawi yake, lina urefu wa maili zipatazo 5,500, karibu kilomita 8,900, kutoka Houston hadi jirani na New York. Petroli humo ndani haiendi mbio. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea kwa haraka, na inasukumwa na pampu za umeme kutoka kituo hadi kituo. Georgia, Tennessee, Carolina zote mbili na Virginia zilikuwa zikinywa kwenye mrija huo. Umeme ulipokatika, mrija ukatulia, na petroli ikalala ndani ya chuma, haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Nimeifikiria simu ile mara nyingi. Siwezi kusema kwamba aliyeipiga hakuwa na hoja. Magari ya wagonjwa ya Atlanta nayo hutumia petroli, na malori ya chakula hutumia dizeli inayopita katika bomba lilelile. Lakini mgonjwa aliyelala gizani katika hospitali ya kijijini Mississippi hakuulizwa kama yuko tayari kungoja siku nyingine ili foleni za mji wa mbali zipungue. Swali la nani arudishiwe taa kwanza lilijibiwa kwa simu, usiku, na watu waliokuwa mbali. Kwangu mimi, kila kilichofuata katika kisa hiki kinaanzia hapo.

Kimbunga kilitua Louisiana asubuhi ya Jumatatu, 29 Agosti, karibu na mji wa Buras. Kuta za kuzuia maji zikapasuka, na takribani asilimia 80 ya New Orleans ikafunikwa. Waliokufa katika eneo zima ni zaidi ya watu 1,300. Siku iliyotangulia Meya Ray Nagin alikuwa ameamuru kila mtu ahame, lakini agizo la kuhama ni agizo la kuwa na gari na tangi lenye mafuta. Sensa ya mwaka 2000 ilikuwa imeonyesha kwamba zaidi ya robo ya kaya za mji huo hazikuwa na gari. Hao ndio wengi tuliowaona juu ya mapaa na ndani ya uwanja wa Superdome. Kabla bei ya petroli haijapanda hata senti moja, wao walikuwa tayari wameshalipa gharama ya kukosa usafiri, na waliilipa kwa roho zao.

Mashariki kidogo ya mji, katika eneo la St. Bernard, mafuta yenyewe yaliingia majumbani. Maji yaling'oa tangi moja la mtambo wa kusafisha mafuta wa Murphy Oil, mtaa wa Meraux, na zaidi ya galoni milioni 1 za mafuta ghafi zikamwagika kwenye maji ya mafuriko. Takribani nyumba 1,800 zikachafuka. Waliorudi walikuta alama nyeusi ukutani inayoonyesha maji yalifika wapi, na harufu ambayo haikutoka kwa sabuni. Kesi yao ilimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 330. Kwa watu wa Meraux wiki ile mafuta hayakuadimika hata kidogo. Yalikuwa sebuleni kwao.

Ghuba ya Mexico wakati huo ilikuwa ikitoa zaidi ya robo ya mafuta ghafi yanayochimbwa Marekani, na pwani yake ilibeba karibu nusu ya uwezo wote wa nchi wa kusafisha mafuta. Baada ya Katrina, zaidi ya asilimia 90 ya uchimbaji wa Ghuba ulisimama. Majukwaa 46 ya baharini yaliharibiwa kabisa. Mtambo wa Chevron mjini Pascagoula, wenye uwezo wa mapipa 325,000 kwa siku, ulipigwa na mawimbi. Mingine ya Louisiana ilizama au ilikosa umeme. Bandari ya LOOP, ile ya baharini inayopokea meli kubwa kuliko zote za mafuta, ilifungwa kwa muda.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo magazeti ya wakati ule yalilipita haraka. Mwaka 1981 Marekani ilikuwa na mitambo 324 ya kusafisha mafuta. Mwaka wa Katrina ilibaki 148. Midogo ilikuwa imefungwa na mikubwa ikapanuliwa, na mikubwa hiyo ikasongamana pwani moja, karibu na visima na bandari. Mtambo mkubwa wa mwisho kujengwa upya kabisa, ule wa Garyville, Louisiana, ulianza kazi katika miaka ya 1970, na uko kwenye pwani hiyohiyo. Kiuchumi mpango huo ulikuwa na maana kila siku ya mwaka, isipokuwa siku ya kimbunga. Mashine zote zilikuwa zikifanya kazi karibu na kikomo chake, na hakukuwa na ya akiba. Yaani, ukiitazama nchi kama kaya, ghala lilikuwa limejaa mahindi, na mashine ya kusaga ilikuwa moja, tena imejengwa bondeni panapojaa maji.

Bei ikaruka. Mwanzoni mwa mwaka 2005 galoni moja, ambayo ni kama lita 3.8, iliuzwa kwa wastani wa dola 1.78 nchini kote. Siku Katrina ilipotua ilikuwa dola 2.61. Wiki moja baadaye, tarehe 5 Septemba, ilikuwa dola 3.07. Ongezeko la senti 46 kwa wiki moja halikuwa limewahi kuonekana katika kumbukumbu za wizara ya nishati ya nchi hiyo. Katika soko la New York pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 70, na bei hiyo ya pipa haikuwaumiza Wamarekani peke yao. Kila nchi inayoagiza mafuta kwa meli, pamoja na zetu za Afrika Mashariki, iliipokea bila kuwa imeguswa na upepo wa kimbunga.

Atlanta ndiko hofu ilikofika kwanza. Jumatano, 31 Agosti, uvumi ulienea mchana kwamba vituo vitafungwa saa kumi, na watu wakatoka maofisini kukimbilia pampu. Foleni zikaziba makutano ya barabara. Vituo vilivyokuwa na mafuta ya siku tatu viliishiwa kwa saa chache, kwa sababu kila dereva alijaza tangi lililokuwa na nusu. Kuna waliobandika bei ya zaidi ya dola 5 kwa galoni. Jioni hiyo Gavana Sonny Perdue alitangaza hali ya hatari ili sheria ya jimbo dhidi ya kupandisha bei wakati wa maafa ianze kutumika, na siku chache baadaye akasimamisha kodi ya jimbo ya mafuta hadi mwisho wa Septemba. Kusamehe kodi kulipendwa sana, kwani ni nani asiyetaka nafuu? Ila lilikuwa jambo la kupunguza bei ya kitu ambacho hakipo cha kutosha, na dereva aliyepunguziwa hakuwa na sababu ya kuliacha gari nyumbani.

Washington nayo iliamka, na kwa suala la petroli iliamka haraka kuliko ilivyoamka kwa watu wa Superdome. Naliandika hili nikijua uzito wake. Jumatano hiyohiyo ya tarehe 31, Waziri wa Nishati Samuel Bodman alitangaza kwamba akiba ya kimkakati ya mafuta ingefunguliwa. Akiba hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, baada ya nchi za Kiarabu kuigomea Marekani mafuta, na inatunzwa kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi ya Texas na Louisiana. Wakati wa Katrina ilikuwa na mapipa yapatayo milioni 700. Mitambo iliyosalimika lakini ikakosa mafuta ya kusafisha ilikopeshwa karibu mapipa milioni 10. Kwa mitambo hiyo, huo ulikuwa msaada wa kweli.

Kisha Rais George W. Bush akataka kuuza mapipa milioni 30 zaidi. Wanunuzi walijitokeza kwa milioni 11 tu. Habari yote imo kwenye pengo hilo. Nani anunue mahindi wakati kinu kimevunjika? Akiba ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya vita na vikwazo, kwa siku ambayo mafuta ghafi yangekatika kutoka ng'ambo. Nchini humo hakuna aliyekuwa ameweka akiba ya unga, yaani petroli iliyokwisha kusafishwa.

Unga ulitoka Ulaya. Tarehe 2 Septemba Shirika la Kimataifa la Nishati, lenye makao Paris na lililoundwa mwaka 1974 kwa sababu ya mgogoro uleule wa Waarabu, lilitangaza kwamba nchi wanachama 26 zingetoa mapipa milioni 2 kwa siku kwa siku 30. Lilikuwa limefanya hivyo mara moja tu kabla ya hapo, wakati wa vita vya Ghuba ya Uajemi vya mwaka 1991. Nchi za Ulaya, tofauti na Marekani, huweka sehemu ya akiba yao katika petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa. Meli zikapakiwa na kuvuka Atlantiki, safari ya takribani wiki mbili. Wafanyabiashara wa mafuta walipopata habari kwamba meli zimeng'oa nanga, bei za jumla zilianza kulegea hata kabla petroli haijafika.

Hatua nyingine mbili hazikupigiwa ngoma, nami naziona kuwa za maana kuliko hotuba. Ya kwanza ilikuwa ya idara ya mazingira. Majira ya joto petroli ya Marekani hairuhusiwi kuwa na butane nyingi, kwa sababu huvukia hewani na kuleta ukungu mchafu mijini. Idara ilisimamisha masharti hayo kote nchini hadi 15 Septemba, na wasafishaji wakaweza kutoa petroli zaidi kwa mafuta ghafi yaleyale, na kuipeleka mji wowote bila kujali aina ya petroli uliyoizoea mji huo. Watu wenye pumu walibeba sehemu ya gharama hiyo kimyakimya. Ya pili ilikuwa ya Waziri wa Usalama wa Ndani, Michael Chertoff. Sheria ya mwaka 1920 inataka shehena inayotoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine ibebwe na meli iliyojengwa Marekani, yenye bendera na mabaharia wa Marekani. Chertoff aliisimamisha kwa muda kwa mafuta, na meli za kigeni zikaruhusiwa kusogeza petroli kando ya pwani. Jenereta nazo zilikuwa zikipelekwa kwenye vituo vya pampu, na Colonial likaanza tena kusukuma, kwanza kwa sehemu ya nguvu yake, kisha yote.

Mbali kabisa na yote hayo, visiwani Hawaii, jambo la pekee lilitokea siku zilezile. Jimbo hilo lilikuwa limepitisha sheria ya kuweka bei kikomo kwa petroli ya jumla, jimbo pekee kufanya hivyo, na siku ya kuanza ilikuwa imepangwa tangu zamani: 1 Septemba 2005. Msomaji wa Tanzania anayengoja tangazo la bei la EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anaujua utaratibu huo. Kikomo cha Hawaii kilikokotolewa kwa kufuata bei za masoko ya bara, pamoja na ya pwani ya Ghuba. Matokeo yake, kimbunga kilichopiga umbali wa maelfu ya kilomita kilipandisha kikomo chenyewe. Watu waliotegemea ngao wakaona ngao inapanda pamoja na mkuki. Mei 2006 utaratibu huo ulisimamishwa.

Nchi ilikuwa haijapumua vizuri kimbunga Rita kilipokuja. Tarehe 21 Septemba kilikuwa kimbunga cha daraja la juu kabisa, la 5, katikati ya Ghuba, na kilionekana kuielekea Houston. Picha za New Orleans zilikuwa bado mbichi machoni, na hakuna aliyetaka kubaki. Zaidi ya watu milioni 2 waliingia barabarani karibu kwa wakati mmoja. Hawa walikuwa na magari. Kilichowaishia ni petroli. Safari ya kwenda Dallas, ambayo kwa kawaida ni saa nne, iliwachukua wengine saa 20 na zaidi, kwenye joto kali, viyoyozi vimezimwa ili kubana matone ya mwisho. Vituo vya kando ya barabara vilikauka, na malori ya kuvijaza yalikwama kwenye foleni ileile. Magari yaliachwa pembeni milango wazi. Alfajiri ya 23 Septemba, basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya kuwatunza liliwaka moto kusini mwa Dallas, na wazee 23 wakafa. Kimbunga chenyewe kilikengeuka na kutua siku iliyofuata mpakani mwa Texas na Louisiana. Texas, njia ya kukimbia iliua watu wengi kuliko upepo.

Mitambo ya Houston na Port Arthur ilikuwa imezimwa kwa tahadhari, na kwa siku chache zaidi ya robo ya uwezo wa kusafisha mafuta wa nchi nzima ulikuwa umelala. Ijumaa, 23 Septemba, Gavana Perdue aliomba shule zote za umma za Georgia zifungwe Jumatatu na Jumanne ili kubana mafuta ya mabasi ya njano. Karibu zote zilikubali. Wazazi wenye kazi za kutwa walilalamika, na haki walikuwa nayo, kwa sababu taarifa iliwafikia Ijumaa jioni. Hata hivyo naiheshimu hatua hiyo kuliko ile ya kodi. Ilikuwa mara chache kwa kiongozi kusema hadharani kwamba kitu kimepungua na hivyo tukitumie kidogo. Bush naye alikuwa amewaomba wananchi wasinunue petroli wasiyoihitaji, ombi ambalo ni nadra kusikika kutoka Ikulu ya Marekani.

Wastani wa bei ulipanda tena hadi dola 2.93 mwanzoni mwa Oktoba, kisha ukaanza kushuka. Mwisho wa Novemba galoni ilikuwa dola 2.15, chini ya ilivyokuwa siku Katrina inatua. Hasira haikushuka pamoja nayo.

Kiswahili kina neno la kile ambacho Wamarekani walikuwa wakikitafuta: ulanguzi. Tanzania neno hilo lina uzito wake tangu msako wa mwaka 1983, enzi ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambapo mtu aliweza kukamatwa kwa sababu ya magunia ya sukari au mabati yaliyofichwa. Marekani ya mwaka 2005 haikuwa na sheria ya taifa dhidi ya ulanguzi wa mafuta. Majimbo ndiyo yaliyokuwa nazo, kama Florida iliyotunga yake baada ya kimbunga Andrew cha mwaka 1992. Waendesha mashtaka wa majimbo wakawafuata waliokuwa karibu na mkono wa sheria, yaani wenye vituo, watu wenye pampu nne na kaduka ka soda.

Wakati huohuo ExxonMobil ilitangaza faida ya dola bilioni 9.92 kwa miezi mitatu, Julai hadi Septemba. Tarehe 9 Novemba wakuu wa kampuni tano kubwa waliitwa Seneti, akiwemo Lee Raymond wa ExxonMobil. Baadhi ya maseneta walitaka wale kiapo kabla ya kuhojiwa. Seneta Ted Stevens wa Alaska, mmoja wa wenyeviti wa kikao, alikataa, na wakazungumza bila kiapo. Hoja yao ilikuwa kwamba soko ndilo lililopanga bei.

Mei 2006 Tume ya Biashara ya taifa ilitoa ripoti ya uchunguzi ulioagizwa na Bunge. Haikukuta njama. Ilikuta kwamba ukubwa wa ongezeko la bei ulilingana na ukubwa wa upungufu uliosababishwa na vimbunga. Kwa kipimo kilichowekwa na Bunge, mifano ya ulanguzi ilikuwa 15: wasafishaji 7, wauzaji wa jumla 2 na wa rejareja 6, na karibu yote, tume ilisema, ilielezeka kwa hali ya soko la mahali husika. Nayaamini matokeo hayo. Lakini yanajibu swali dogo. Tume iliulizwa kama kuna aliyevunja sheria za ushindani. Haikuulizwa kwa nini kampuni zinazomiliki mashine haziumizwi na kuharibika kwa mashine, bali hufaidika, na hivyo hazina haraka ya kuwa na mashine ya akiba. Baraza la Wawakilishi lilipitisha miswada ya kupiga marufuku ulanguzi wa mafuta mwaka 2006 na 2007. Hakuna uliogeuka sheria.

Yaliyobadilika yalikuwa madogo, na yalitoka kwa watu waliotazama umeme. Oktoba 2005 kimbunga Wilma kilikuwa kimeiacha Florida kusini na vituo vyenye petroli ardhini lakini bila umeme wa kuivuta. Mwaka uliofuata jimbo lilitunga sheria ya kuvitaka vituo vikubwa vilivyo karibu na barabara za kuhamia viwe na nyaya tayari za kuunganishia jenereta. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipiga New Jersey na New York, na madereva wakagawiwa mafuta kwa zamu, namba shufwa siku moja na witiri siku ya pili. Baada ya Sandy, mwaka 2014, serikali ya Marekani iliweka kwa mara ya kwanza akiba ya petroli iliyokwisha kusafishwa, mapipa milioni 1, kwa ajili ya majimbo ya kaskazini-mashariki. Ilikaa miaka kumi. Mwaka 2024, kwa agizo la Bunge, iliuzwa yote.